Uchawi wa kitabuni: Uliza umefanya nini

MAMA yangu alipokuta kwenye begi la mjukuu wake kitabu chenye picha ya mifupa inayotembea, alitaka kukitia mekoni. Kijana alikuwa amekuja likizo Burundi kutoka Marekani, ambako familia ya dada yangu ilihamishiwa mwaka 2007 ikitokea kambini Kigoma. Kwa kuwa mimi ni mwalimu, na Kiingereza nilikipata shuleni Tabora wakati wa ukimbizi, nilikabidhiwa kitabu nikisome na kutoa hukumu.

Ni kitabu cha mchezo uitwao Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Watu huketi mezani, mmoja akasimulia kisa, wengine wakaeleza wahusika wao wanafanya nini, na dadu yenye pande 20 ikaamua kama wamefaulu. Hirizi hakuna, kafara hakuna. Hata hivyo, miaka ya 1980 baadhi ya Wakristo wa huko waliupiga vita wakidai unafundisha ushirikina.

Matawi manane

Kilichonishangaza, ndugu msomaji, ni mpangilio. Uchawi wa mchezo huo umegawanywa katika matawi manane, ambayo wenyewe huyaita shule, na mengine tunayajua kwa majina yetu. Kuna kinga, yaani zindiko. Kuna utambuzi, kama ramli. Kuna kuteka akili, ndiyo limbwata. Kuna kiinimacho. Kuna kugeuza kitu kuwa kingine. Kuna tawi la uhai na mauti. Kuna kuita kitu au kiumbe kutoka mahali pengine, na mwisho kuna kuzalisha nguvu papo hapo, kama moto au radi.

Mpwa wangu alinipa kanuni moja ya kuyatofautisha: usitazame uchawi unaonekanaje, uliza umefanya nini. Moto uliolipuka na kuunguza watu ni wa tawi la nguvu. Moto unaoonekana tu bila kuunguza ni kiinimacho. Kiumbe cha moto kilicholetwa kutoka kwingine ni cha tawi la kuita. Vilevile, mlinzi akifungua lango kwa kuwa amemwona mkubwa wake ambaye hayupo, macho yake yamedanganywa. Akifungua kwa kuwa moyo wake umelazimishwa kukuona rafiki, akili yake imetekwa.

Mipaka yenyewe huhama. Wafanyabiashara wa Kobero wanajua bidhaa ileile inavyoweza kubadilishiwa fungu la ushuru. Ndivyo ilivyokuwa kwa uchawi wa kuponya majeraha. Katika kitabu cha mwaka 1978 uliwekwa kwenye tawi la uhai na mauti. Mwaka 2000 ukahamia kwenye kuita, mwaka 2014 kwenye nguvu, na mwaka 2024 kwenye kinga. Jeraha ni lilelile na linapona vilevile. Waliobadilika ni wapangaji.

Hukumu yangu

Nilimweleza Mama hayo yote, naye akasikiliza bila kusadiki. Ndipo nikamkumbusha yule bibi jirani yetu kule makazi ya Ulyankulu, aliyefukuzwa kijijini kwa sababu ya macho mekundu. Watu walimtazama alivyo, wakasema mchawi, basi. Hakuna aliyeuliza amefanya nini. Macho yale yalikuwa ya moshi wa kuni, na Mama alilijua hilo, kwani walikuwa wakipika pamoja.

Watoto wanaocheza mchezo huu wanajua ni hadithi, na wana neno tofauti kwa kila jambo. Sisi watu wazima tuna neno moja tu, na tukilitamka mtu anapoteza nyumba.

Mama alinyamaza kitambo. Kisha akamrudishia mjukuu wake kitabu, akamwomba asikiache sebuleni wageni wakakiona.