Kichwa kinachopiga kama radi

Wenyeji wa Sumbawanga wamezoea kutaniwa kwa habari za radi. Ipo radi nyingine isiyo ya utani na isiyotumwa na mtu. Madaktari nao huyaita maumivu hayo ya kichwa kwa mfano wa radi. Mtu yu mzima, anafua au anapalilia, ghafla kichwa kinampiga kwa nguvu ambayo hajapata kuiona, na ndani ya dakika moja maumivu yamefika kileleni. Anatapika, shingo inakakamaa, pengine anazimia. Majirani husema karogwa.

Mara nyingine kilichotokea ni kupasuka kwa mshipa wa damu kwenye ubongo, mahali palipokuwa dhaifu pakatuna kama puto. Kitaalamu puto hilo huitwa anyurizimu. Katika watu wazima 100, wapatao 3 wanalo; wengi wao hawajui, wala halitawapasukia maishani. Lakini likipasuka, theluthi moja ya wagonjwa au zaidi hufariki.

Lipi basi litapasuka? Hapo ndipo kompyuta inapoingia. Mgonjwa huchomwa dawa ya kung'arisha mishipa, hupigwa CT-Scan, na kutokana na picha hizo wataalamu huunda umbo la mshipa wake ndani ya kompyuta. Kisha huikokotoa damu inavyopita humo, kwa kanuni zile zile za mwendo wa maji. Utazame Mto Momba unavyoteremka kwenda Ziwa Rukwa: penye kona maji hupiga ukingo mmoja na kuula, na upande wa pili huzubaa na kuacha tope. Maputo nayo hutokea zaidi penye njia panda za mishipa.

Mwaka 2005 Juan Cebral na wenzake, huko Marekani, walichapisha uchunguzi wa maputo 62. Yale ambayo damu iliingia kwa mkondo mwembamba na kupiga sehemu ndogo ya ukuta, mengi yalikuwa yamekwisha kupasuka. Wengine baadaye wakaona kuwa hata damu inayozubaa hudhoofisha ukuta. Isitoshe, picha hizo hazionyeshi vizuri unene wa ukuta wenyewe. Ndiyo maana mpaka leo daktari haachii kompyuta iamue. Huangalia pia ukubwa wa puto, mahali lilipo, umri, presha, sigara na historia ya ukoo. Nasi tunaona afadhali iwe hivyo.

Kwa aliyeko Laela, Namanyere au Matai, jambo kubwa ni saa. Puto lililopasuka huweza kuvuja tena, na hatari ni kubwa zaidi katika saa 24 za mwanzo. Tiba ni kufungua fuvu na kulibana shingo kwa kibanio, au kupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja hadi ubongoni na kulijaza nyuzi laini za platinamu. Kazi ya namna hiyo ni ya mabingwa kama wa Taasisi ya MOI, Muhimbili, na kutoka Sumbawanga hadi Mbeya tu ni zaidi ya kilomita 300. Kwa hiyo usimngoje mganga wala usingoje kukuche. Anayetaka kumsomea mgonjwa amsomee ndani ya gari. Usimpe aspirini, maana huzidisha kuvuja damu. Mkifika hospitali ya mkoa, mwambieni daktari saa ile ile maumivu yalipoanza, na kwamba yalikuja kwa ghafla. Neno hilo "ghafla" ndilo litakalomfanya afikirie ubongo badala ya malaria.

Kabla ya hayo yote, kuna presha, na kuipima ni kazi ya dakika chache. Wapo wanaoacha dawa zao Ramadhani kwa kuhofia funga. Dawa nyingi za presha humezwa mara moja kwa siku, na daktari anaweza kukupangia wakati wa futari au wa daku. Muulize katika Shaaban, kabla mwezi haujaandama.