Kompyuta ya RAM GB 4 inaweza kubeba mashine pepe, ila kwa hesabu

Ukitafuta kompyuta mpakato ya mtumba Darajani, ile ya bei nafuu mara nyingi itakuwa na RAM ya GB 4. Kwa mwanafunzi anayetaka kujifunza Linux au mitandao, swali ni moja: itabeba mashine pepe au itaganda?

Itabeba. Lakini lazima upige hesabu.

Mashine pepe ni nini?

Ni kompyuta ndani ya kompyuta. Programu ya bure kama VirtualBox inakata kipande cha RAM, prosesa na diski, kisha unaweka humo mfumo mwingine bila kufuta Windows yako. Ukiharibu, unafuta na kuanza upya.

Faida yake imeongezeka sasa. Microsoft ilimaliza kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za zamani hazikubali Windows 11. Kwa njia hii unaionja Linux kwanza kabla ya kuhamia moja kwa moja.

Kwa nini inaganda?

Windows 10 ikiwaka tu inaweza kula karibu GB 2. Ukiipa mashine pepe GB 2 nyingine, hakuna kinachobaki. Kompyuta inaanza kutumia diski badala ya RAM, na diski ya kuzunguka ni ya polepole mno.

Fanya hivi

• Ipe mashine pepe MB 512 hadi GB 1, basi.
• Chagua Linux nyepesi: Alpine, antiX, au Debian ya maandishi matupu. Ubuntu ya kawaida inataka GB 4 au zaidi peke yake, achana nayo.
• Funga Chrome kabla ya kuanza.
• Washa VT-x (Intel) au AMD-V (AMD) kwenye BIOS. Tangu toleo la 6.1 la mwaka 2019, VirtualBox haifanyi kazi bila hiyo.
• Washa mashine pepe moja tu kwa wakati.

Umeme ukikatika je?

Betri ya mtumba mara nyingi imechoka. Umeme ukienda ghafla, faili la mashine pepe linaweza kuharibika na kazi yote ikapotea. Zima mashine pepe kila ukimaliza somo, kisha nakili faili lake kwenye flashi au diski ya nje.

Kabla hujatoa pesa

Mwambie muuzaji aiwashe. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, ingia Performance. Kwenye CPU utaona kama Virtualization imewashwa. Kwenye Memory utaona nafasi ngapi za RAM zimetumika.

Muulize pia kama RAM inaongezeka, maana kuna kompyuta nyembamba ambazo RAM yake imechomelewa kwenye bodi. Na usinunue RAM kwa kukisia: DDR4 haiingii kwenye nafasi ya DDR3.

Kama pesa inatosha kitu kimoja tu, ongeza RAM ifike GB 8. SSD ifuate baadaye.