Je, Wajua? Aliyekata Kona Habebi Lawama Yote Siku Zote

Je, wajua kwamba kona wanayoiogopa zaidi madereva wa Marekani, ile ya kukata kushoto, kwetu Tanzania ni kona nyepesi? Wao huendesha upande wa kulia wa barabara, kwa hiyo anayekata kushoto hulazimika kupita mbele ya magari yanayomjia. Kampuni ya kusafirisha vifurushi ya UPS imepanga njia za magari yake ili madereva wakate kushoto kwa nadra sana. Sisi tunaendesha kushoto, hivyo kona ya hatari ni ya kulia. Lori linalotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Kigali hubadilisha hatari hiyo pale Rusumo, maana Rwanda wanaendesha kulia, sawa na Burundi na Kongo.

Hata hivyo kona ya kushoto nayo ina ajali yake, na wakazi wa Temeke wanaijua. Lori lenye tela likitaka kukata kushoto kutoka Barabara ya Kilwa, hutanuka kwanza kulia, kwa sababu matairi ya nyuma ya tela hayapiti pale yalipopita ya mbele. Hukata ndani zaidi. Kushoto kunabaki upenyo. Mwenye bodaboda anauona, anachomekea, na kwa sekunde mbili tatu anakuwa mahali ambapo dereva, aliyekaa juu upande wa kulia wa kichwa cha lori, ni vigumu kumwona. Lori likikunja, upenyo unafungwa.

Nani mwenye kosa? Mtaani jibu hutoka hapohapo: wengine watasema lori limeua, wengine watasema bodaboda hawana subira. Mahakama huuliza mengine. Indiketa iliwashwa? Iliwashwa kuanzia wapi? Lori lilikuwa limeshaanza kukunja wakati bodaboda anaingia, au bodaboda alikuwa ameshafika ubavuni? Majibu yakipatikana, kosa hugawanywa kwa asilimia, na asilimia hizo ndizo zinazopiganiwa kwenye rufaa.

Kona ya kulia hugawanywa hivyohivyo. Chukua dereva anayetoka mjini kwa Barabara ya Bagamoyo, anataka kukata kulia kuingia Mbezi Beach upande wa baharini. Anatakiwa ajongee karibu na mstari wa kati, awashe indiketa, awaachie wanaokuja. Anaona gari mbele yake, meta 60. Kama linakuja kwa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwendo wa juu kwenye makazi ya watu, litamfikia baada ya sekunde 4.3. Kama linakuja kwa kilomita 80, litamfikia baada ya sekunde 2.7. Tuseme kuvuka kunamtaka sekunde nne. Kwa mwendo wa kwanza amepita. Kwa mwendo wa pili amegongwa mlangoni. Aliyekata kona hakuacha nafasi ya kutosha, ni kweli, lakini mwenzake naye alimnyang'anya sekunde moja na nusu ambayo sheria ilikuwa imempa. Ndiyo maana haki ya njia haimpi mtu ruhusa ya kukimbiza gari.

Pikipiki huongeza ugumu. Jicho la binadamu hukosea kukadiria kitu kidogo kinachokuja: hudhani kitachelewa kufika kuliko kitakavyofika. Tena kwenye magari yetu, yenye usukani kulia, nguzo ya kioo cha mbele ya upande huo iko karibu na uso wa dereva, na nyuma yake pikipiki nzima inaweza kufichika. Hilo linaeleza kwa nini watu wakweli husema "nilitazama, sikumwona". Haliwaondolei wajibu wa kusogeza kichwa na kutazama tena.

Je, wajua kwamba zamani mdai aliyechangia ajali hata kidogo alitoka mikono mitupu? Mwaka 1809 mahakama ya Uingereza iliamua kesi ya mtu wa Derby aliyetoka baa jioni akimkimbiza farasi, akaangushwa na boriti. Mwenye boriti alikuwa akitengeneza nyumba yake, akaiweka ikaziba sehemu ya barabara. Jaji Mkuu Lord Ellenborough alisema hapati kitu, kwa sababu angeendesha kwa uangalifu asingeumia. Aliyeziba barabara akaenda zake. Mwaka mmoja kabla, 1808, jaji huyohuyo alisikiliza kesi ya mume na mke waliokuwa wamepanda juu ya gari la farasi lililopinduka. Mke alifariki baada ya kama mwezi mmoja. Ellenborough alisema kifo cha binadamu hakidaiwi katika mahakama ya madai. Mume alipewa fidia ya michubuko yake na ya kukosa huduma na ukaribu wa mkewe hadi siku aliyofariki, basi. Kwa hiyo aliyemvunja mtu mguu alilipa, aliyemuua hakulipa.

Bunge la Uingereza lilirekebisha hilo la kifo mwaka 1846, na lile la boriti likasubiri hadi 1945. Kwetu Tanzania yote mawili yamezikwa ndani ya sheria moja, Sura ya 310, inayohusu madai ya ajali za vifo na mambo mengineyo. Humo warithi wa marehemu wanaruhusiwa kudai, na humo mahakama inaruhusiwa kupunguza fidia kulingana na mchango wa mdai katika kosa badala ya kumfukuza. Cha kushangaza, sheria hiyohiyo ndiyo mawakili huifungua wanapotaka Mahakama Kuu ibatilishe maamuzi ya viongozi na ofisi za umma. Jina lake halidokezi kabisa kwamba ina nguvu hiyo. Mimi naiheshimu kwa kazi yake ya kwanza. Mjane wa Mbagala anayefuata usimamizi wa mirathi kwenye Kituo Jumuishi cha Temeke, ambako mashauri ya mirathi na ndoa ya jiji la Dar es Salaam husikilizwa, ili adai fidia ya kifo cha mumewe, anafanya jambo ambalo mwaka 1808 lisingemfikisha popote.

Abiria wa bodaboda yuko mahali pazuri zaidi kisheria, ingawa wengi hawaambiwi. Hana usukani. Kama madereva wawili wamegawana kosa 60 kwa 40, mgawanyo huo ni wao kwa wao. Yeye anaweza kuwadai wote. Kinachoweza kumpunguzia ni uzembe wake mwenyewe. Mwaka 1975 Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliweka kipimo kwa asiyefunga mkanda: kama mkanda ungezuia jeraha lote, fidia ipungue kwa asilimia 25. Ni rahisi kuona hoja hiyohiyo ikielekezwa kwa kofia ngumu inayoning'inia kwenye mpini wa pikipiki.

Je, wajua kwamba kukiri kosa kwenye kesi ya trafiki kunaweza kukufuata kwenye shauri la madai? Wengi hukiri mbele ya hakimu ili walipe faini warudi kazini. Sheria ya Ushahidi inasema hukumu ya jinai ikishakuwa ya mwisho, huchukuliwa kuwa uthibitisho kamili wa kosa hilo. Huwezi baadaye kusema hukuendesha kizembe. Unaweza, hata hivyo, kusema hukuwa peke yako. Mwaka 1971 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, iliyokuwa ikihudumia Kenya, Uganda na Tanzania, ilieleza hivyo katika rufaa iliyotoka Kenya: kutiwa hatiani kwa kuendesha bila uangalifu hakumzuii mtu kuonyesha kwamba mwenzake naye alizembea.

Hapa ndipo karatasi zinapoamua. Trafiki akija kupima ajali, huchora ramani: upana wa barabara, alama za breki, vioo vilivyomwagika, mahali magari yalipogongana na mahali yaliposimama. Hivyo viwili vya mwisho si kitu kimoja. Gari lililogongwa mlangoni huweza kusukumwa meta kadhaa, na asiyekuwepo akitazama lilipolala atadhani ajali ilitokea kwenye njia ya mwenzake. Kwenye foleni ya jioni magari huondolewa haraka, na vioo hufagiliwa. Ramani iliyochorwa vibaya saa kumi na mbili jioni ndiyo itakayosomwa na majaji miaka kadhaa baadaye, maana mahakama ya rufaa hupokea ushahidi mpya kwa nadra mno. Pamoja na ramani kuna PF3 ya majeruhi kwa ajili ya matibabu na PF 90 ya taarifa ya polisi kuhusu ajali. Ushahidi ukishindwa kabisa kuonyesha aliyekosea, kuna njia iliyofuatwa na Mahakama ya Rufani ya Kenya mwaka 2006 katika shauri lililohusu kampuni ya Lento Agencies: magari mawili yakigongana na haiwezekani kujua nani kakosea, wote wawili hubeba nusu kwa nusu. Ni suluhisho la haki pale ambapo hakuna jingine, lakini linauma sana kwa yule aliyekuwa kwenye njia yake na hakuwa na wa kumshuhudia.

Upande wa pesa, fidia mahususi ni ile ya gharama zinazohesabika: hospitali, fundi, kuvuta gari, siku ambazo bajaji haikuingiza hela. Hiyo lazima itajwe kwenye hati ya madai na ithibitishwe kwa ukali. Karatasi ya daftari kutoka gereji, isiyo na jina wala tarehe, hukataliwa mara nyingi, na aliyelipa kweli hupoteza hela ya kweli. Inanisikitisha, kwa sababu mafundi wengi wa Keko na Tandale hufanya kazi hivyohivyo. Fidia ya jumla, ya maumivu na maisha yaliyoharibika, hakimu huikadiria mwenyewe, ila lazima aeleze sababu.

Je, wajua kwamba kipimo cha kugusa makadirio hayo kwenye rufaa kilielezwa katika shauri la ajali ya tramu Kanada? Mtu alikuwa akivuka barabara kwa miguu Vancouver akagongwa, akafa. Mjane wake akaishtaki kampuni ya British Columbia Electric Railway, na shauri likafika Baraza la Mfalme London mwaka 1951. Walisema mahakama ya juu haibadilishi kiasi kwa sababu tu yenyewe ingetoa zaidi au pungufu. Hubadilisha pale ambapo hakimu alifuata kanuni isiyo sahihi, au kiasi ni kikubwa au kidogo kupita mipaka hadi kuonyesha kwamba alikosea mahali. Majaji wa Afrika Mashariki wamekitumia kipimo hicho tangu zama za Tanganyika. Kwa hiyo mrufani anayesema tu "hela ni ndogo" huwa hajasema kitu bado.

Bima ndogo, ambayo ni ya lazima kwa kila gari, ipo kwa ajili ya huyu aliyeumia. Akishashinda dhidi ya mwenye gari, sheria ya bima za magari, Sura ya 169, inailazimu kampuni ilipe hukumu hiyo, mradi iwe ilipewa taarifa ya shauri kwa wakati.

Muda nao una mipaka yake. Madai ya uzembe hufunguliwa ndani ya miaka 3. Rufaa kutoka Mahakama ya Wilaya ya Kinondoni au Temeke kwenda Mahakama Kuu ni siku 90, na siku za kusubiri nakala ya hukumu na tuzo hazihesabiwi. Kwenda Mahakama ya Rufani, iliyoundwa 1979, notisi hutolewa ndani ya siku 30 na rufaa yenyewe hufunguliwa ndani ya siku 60 baada ya notisi. Nakala za mwenendo wa kesi zikichelewa, siku hizo huondolewa kwenye hesabu, kwa sharti kwamba ziliombwa kwa barua ndani ya siku 30 na nakala ya barua hiyo akapelekewa mjibu rufaa. Rufaa zenye hoja nzuri zimeondolewa mahakamani kabla ya kusikilizwa, kwa sababu barua ilipelekwa kwa msajili peke yake.