Mmea wa Yona na Fujo katika Kanisa la Oea

Je, neno moja tu la Biblia laweza kuvuruga kundi zima la waamini? Laweza. Jambo hilo lilitokea hapa Afrika, na Mtakatifu Agustino, askofu wa Hipo (leo Annaba, inchi ya Algeria), alilisimulia katika barua aliyomwandikia Mtakatifu Yeronimo mwaka wa 403.

Zamani zile wakristu wa Afrika ya Kaskazini walisoma Agano la Kale katika tafsiri ya kilatini iliyotoka katika kigiriki. Yeronimo, aliyekaa Betlehemu tangu mwaka wa 386, alilitafsiri upya toka kiebrania chenyewe. Askofu wa Oea (leo Tripoli, inchi ya Libya) akaagiza tafsiri hiyo isomwe kanisani. Siku moja ikasomwa habari ya Yona, aliyeketi nje ya Ninive kwa hasira, na Mungu akamwoteshea mmea wa kumpa kivuli (Yona 4,6). Tangu wazee wao, watu walisikia kwamba ulikuwa mmea wa maboga. Yeronimo aliandika jina la mmea mwingine, utambaao ukutani.

Hapo kelele ikatokea, zaidi sana kati ya Wagiriki: wakasema Maandiko yameharibiwa. Askofu akawauliza Wayuda wa mji. Nao wakasema kwamba kiebrania chapatana na tafsiri ya kale. Akalazimika kusahihisha neno, asije akabaki bila waamini.

Yeronimo alijibu mwaka wa 404: mmea wenyewe una majani mapana, husimama juu ya shina lake, wala hauna jina katika kilatini. Kwa hiyo alifuata watafsiri wengine waliomtangulia. Leo wataalamu wengi hufikiri ulikuwa mbarika, ule ambao mbegu zake hutoa mafuta. Basi, watu waligombana juu ya majina mawili, na yote mawili hayakuwa sawa!

Tusiwacheke. Neno lililosaliwa na wazazi wetu ni kama chakula cha nyumbani. Anayelibadili bila kueleza huwaumiza watu. Ewe katekista, kabla ya kusoma maneno mapya, waeleze waamini sababu yake. Lakini tusiogope ukweli pia. Agustino mwenyewe aliogopa tafsiri ile. Hata hivyo, katika kitabu chake juu ya mafundisho ya kikristu, alichokimaliza karibu na mwaka wa 426, alitumia maneno ya nabii Amosi kama Yeronimo alivyoyatafsiri.

Tena, tusome mwisho wa kitabu cha Yona. Yona alisikitikia mmea. Mungu alihurumia mji wenye watu zaidi ya 120.000. Watu wa Oea waligombania mmea uleule, karibu wamwache mchungaji wao. Walisikia somo, lakini hawakufika mwisho wake. Sisi nasi, tunapobishana juu ya neno, tujiulize: Ninive tumeiacha wapi?