Kwa nini ukungu wa kipupwe ni hatari kwa ndege ndogo?

Tarehe 10 Juni 2024, ndege ndogo ya jeshi la Malawi aina ya Dornier 228 iliondoka Lilongwe kuelekea Mzuzu, safari isiyofika saa moja. Ndani yake alikuwemo Makamu wa Rais, Saulos Chilima, aliyekuwa akienda mazishini. Ilipokaribia Mzuzu, rubani hakuweza kutua kwa sababu ya mwonekano hafifu, akaelekezwa kurudi Lilongwe. Muda mfupi baadaye mawasiliano yalikatika. Mabaki yalipatikana siku ya pili katika msitu wa Chikangawa, na watu wote tisa waliokuwemo walikuwa wamefariki.

Kwa wakazi wa Cabo Delgado, jirani zao hao wameacha funzo. Tangu mashambulizi ya wapiganaji yaanze Oktoba 2017, usalama wa barabara zinazokutana Awasse umekuwa wa mashaka, na wahudumu wa misaada wamelazimika kutegemea ndege ndogo na helikopta.

Hatari yenyewe huanzia baharini. Wakati wa kipupwe, upepo wa kusi huleta hewa yenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi. Hewa hiyo ikikutana na nyanda za juu hulazimika kupanda. Ikipanda hupoa, na unyevu wake hugeuka mawingu na manyunyu. Kusini mwa Malawi hali hiyo huitwa chiperoni, jina lililotokana na mlima Chiperone ulioko Msumbiji.

Chukua mfano wa wingu lililotanda mita 600 juu ya usawa wa bahari. Mocímboa da Praia, rubani ana nafasi ya kutosha kuruka chini yake. Lakini Mueda, magharibi ya Awasse, iko zaidi ya mita 800. Kwa hiyo wingu ambalo pwani ni paa, Mueda ni ukungu uliogusa ardhi. Rubani anayeendelea kuruka chini ya wingu huona ardhi ikimpandia huku wingu likimbana kutoka juu.

Akiingia ndani ya wingu, macho hayamsaidii tena. Hata mwili humdanganya: ndege inaweza kuwa imeinama upande, naye akahisi imenyooka. Hapo hana budi kuamini vyombo vilivyo mbele yake, na awe amefunzwa kuvitumia. Viwanja vingi vidogo havina mitambo ya kumwongoza rubani asiyeiona njia ya kutua.

Kugeuka ndiyo hatua sahihi, lakini igeukwe mapema, kabla wingu halijaifunika milima iliyo nyuma, na ndege ipande juu kuliko vilele vyote vya njiani.

Vifaa navyo vina nafasi yake. Wachunguzi wa Ujerumani, nchi ilikoundwa ndege hiyo ya Malawi, walieleza kuwa haikuwa na kisanduku cheusi, na kwamba betri ya kifaa chake cha kutoa ishara ya dharura ilikuwa imekwisha muda tangu 2004. Kifaa kama hicho hakizuii ajali, ila huwaonyesha waokoaji pa kutafuta.

Kwa abiria, jambo moja liko mikononi mwake: rubani akisema safari isubiri jua lipande na ukungu uondoke, asimshinikize. Saa mbili za kungoja uwanjani si hasara.