Wanawake wa Anga (4): Akiba haiozi

Juni 16 imepita juzi, na redio zetu zimemkumbuka Valentina Tereshkova, mwanamke wa kwanza kuruka angani, mwaka 1963. Nilisikiliza kwa furaha, nikingoja litajwe na jina la Irina Solovyova. Halikutajwa. Wasomaji wa makala zilizotangulia wanakumbuka kuwa wanawake walioteuliwa na Wasovieti mwaka 1962 kuwa wanaanga walikuwa watano. Leo ni zamu ya Solovyova, aliyekuwa mwanaanga wa akiba wa Tereshkova.

Solovyova, aliyezaliwa mwaka 1937, alikuwa mhandisi na bingwa wa kuruka kwa mwavuli, mwenye mamia ya miruko kabla ya kuteuliwa. Mwavuli haukuwa pambo. Chombo cha Vostok, alichorukia Tereshkova, hakikuweza kumtua mtu salama akiwa ndani. Kikibakiza kama kilomita 7 kufika ardhini, mlango ulifyatuka na kiti kilimrusha mwanaanga nje. Kwenye kilomita 4 kiti kilimwachia, naye alishuka peke yake akining'inia kwenye mwavuli. Hata Yuri Gagarin alishuka hivyo mwaka 1961, ingawa Wasovieti walilificha jambo hilo kwa miaka, kwani kanuni za rekodi za urubani zilimtaka rubani atue na chombo chake.

Kwa kipimo cha mwavuli, Solovyova alimzidi Tereshkova kwa mbali. Lakini wakubwa walikuwa na vipimo vingine. Tereshkova alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo, binti wa askari aliyekufa vitani, na dola ya wafanyakazi ilitaka sura kama hiyo mbele ya ulimwengu. Simwondolei sifa yake hata chembe: aliizunguka dunia mara 48 kwa karibu siku tatu. Nasema tu kwamba siku ile kule Baikonur, kwenye uwanja wa kurushia vyombo, palikuwa na mwanamke mwingine aliyevaa suti ya anga, aliyejua kila swichi, tayari kuingia chomboni mwenzake akipata hata homa. Homa haikuja.

Solovyova hakukata tamaa. Yeye na Valentina Ponomaryova, mwingine wa wale watano, waliandaliwa kwa safari ya chombo cha Voskhod, ambamo Solovyova angetoka nje ya chombo na kuelea angani. Januari 1966 akafariki Sergei Korolev, mbunifu mkuu wa vyombo hivyo, na mwaka huohuo safari za Voskhod zikafutwa. Oktoba 1969 kikosi cha wanawake kikavunjwa. Miaka saba ya jasho, na umma wa Kisovieti haukujua hata majina ya wale wanne wengine hadi miaka ya 1980. Mwanamke wa pili kufika angani, Svetlana Savitskaya, aliruka mwaka 1982. Miaka miwili baadaye akatoka nje ya chombo, kazi ileile aliyoandaliwa Solovyova.

Je, elimu yake ilipotea? Hapana. Alisomea saikolojia, akaendelea kufanya kazi katika kituo cha mafunzo ya wanaanga, akiwaandaa wengine kwa safari alizonyimwa yeye. Alikwenda hata Antaktika na Metelitsa, timu ya wanawake wa kuteleza kwenye theluji. Wahenga walisema akiba haiozi. Maisha ya mama huyu ni ushahidi.

Juni 16 pia ni Siku ya Mtoto wa Afrika, na tulisikia hotuba nyingi za kuwahimiza wasichana wasome sayansi. Vema. Lakini wakifaulu wengi na nafasi zikawa chache, wanaobaki tunawaambia nini? Tukimpigia makofi yule aliyeruka tu, tunawafundisha watoto kwamba kujiandaa bila kuchaguliwa ni hasara. Huo ni uongo, tena uongo mbaya. Mwakani redio zitakapomtaja Tereshkova, na zitaje pia kiti cha pili ndani ya basi lililowapeleka wanaanga hao kwenye uwanja wa kurushia chombo, na aliyekikalia akiwa tayari.