Mwaka mmoja wa sanduku lenye kufuli tatu

ILIKUWA Ijumaa, tarehe 22 Februari 2019, saa kumi kasoro robo alasiri. Katika darasa moja la sekondari hapa Remera, si mbali na Uwanja wa Amahoro, wanafunzi 24 wa mwaka wa tano walikuwa wamezunguka sanduku la bati lenye kufuli tatu. Ndani mlikuwa na faranga 64,500, michango yao ya wiki sita. Dakika kumi baadaye zilibaki faranga 4,500 tu. Elfu sitini zilikuwa zimekopeshwa kwa mtu mmoja, na mlezi wa chama aliyeitikia kwa kichwa ni mimi ninayeandika makala haya.

Chama kilianza Januari mwaka huo. Nafundisha somo la uchumi, na kwa muda mrefu jambo moja lilikuwa likinikera. Wanafunzi wangu waliweza kueleza maana ya riba kwa Kiingereza safi kabisa, lakini hakuna aliyewahi kudai wala kudaiwa zaidi ya bei ya andazi. Nikawaambia tuanzishe chama, kila mmoja atoe faranga 500 kila Ijumaa.

Wengi wa wasomaji wa ukurasa huu hawahitaji maelezo zaidi. Sisi tuliokulia Karagwe tuliwaona mama zetu wakicheza upatu. Waliotoka Kongo wanauita likelemba, waliotoka Kenya wanasema chama, na hapa nyumbani ni ikimina. Sanduku la kufuli tatu tuliliiga kutoka vikundi vya akiba na mikopo vya vijijini, mtindo ulioanzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991 na kuenea katika nchi nyingi za Afrika. Watu watatu wanashika funguo, kila mmoja wake, na anayetunza sanduku hana ufunguo hata mmoja.

Tangu wiki ya kwanza chama kiligawanyika. Wavulana wa viti vya nyuma walitaka hisa. Walikuwa wamesoma kwamba Januari 2011, Soko la Hisa la Rwanda lilipofunguliwa, Serikali ilikuwa imeuza hisa zake za kiwanda cha bia cha Bralirwa kwa faranga 136 kila moja, na kwamba Benki ya Kigali ilifuata mwaka huohuo kwa faranga 125. Mwishoni mwa 2018 benki hiyo, ikiwa imekwisha kuitwa BK Group, iliuza hisa mpya kwa faranga 270 na kuingia pia katika soko la Nairobi. Hesabu ya 125 kuwa 270 waliiandika ubaoni kila Ijumaa, hata nilipokuwa nimeifuta.

Niliwaeleza kuwa hisa hununuliwa kupitia dalali mwenye leseni, na kwamba mnunuzi lazima awe na akaunti katika hifadhi ya hati iliyo Benki Kuu. Chama kisichosajiliwa hakina jina la kuandikisha. Tena wengi wao hawakuwa wametimiza miaka 18. Walinung'unika. Upande wa pili, hasa wasichana ambao mama zao wanauza sokoni, walisema fedha zikopeshwe, asilimia tano kwa mwezi, basi.

Ndipo lilipokuja ombi la elfu sitini. Aliyeomba alikuwa mwanachama, lakini kila mtu alijua fedha ni za mama yake, aliyekuwa akinunua unga wa mahindi na mafuta ya kupikia ng'ambo ya Gatuna na kuviuza Giporoso. Angerudisha elfu sitini na sita baada ya miezi miwili. Kanuni yetu ilisema mkopo mmoja usizidi theluthi ya sanduku. Niliwaambia kanuni inaweza kulegezwa mara moja.

Wiki haikuisha. Mwishoni mwa Februari malori yalizuiwa Gatuna na kuelekezwa Kagitumba, na raia wakashauriwa wasivuke kwenda Uganda. Nyinyi mnaoishi kwa mpaka mnajua yaliyofuata kuliko mimi. Gatuna haikufunguliwa tena rasmi hadi tarehe 31 Januari 2022.

Mama yule alikuwa amekwisha kumlipa mfanyabiashara wa Kabale elfu arobaini. Alikuja nyumbani kwangu jioni, akafungua pindo la kanga na kuweka mezani elfu ishirini. "Mdogo wangu, pokea hizi kwanza," alisema. "Nyingine zimelala ng'ambo." Nilikuwa nimempa shikamoo kama nilivyozoea tangu Karagwe. Baada ya hapo sikujua la kuongeza.

Ijumaa iliyofuata binti yake alikaa karibu na mlango. Kanuni ilisema anayechelewesha mkopo atozwe faini, na akizidisha mwezi afukuzwe. Wengine walitaka isomwe neno kwa neno. Hapo mmoja wa wale wavulana wa hisa, ambaye sikumtegemea, alisimama. "Kama tungenunua hisa na bei ikashuka, tungemdai nani?" aliuliza.

"Lakini hisa haikuahidi kurudisha," akajibiwa na msichana aliyekuwa mwandishi wa chama. "Huyu aliahidi."

Nimefundisha tofauti ya deni na hisa kwa miaka mingi, kwa majedwali na kwa mifano ya vitabuni. Sijawahi kuieleza vizuri kama walivyoieleza wale watoto wawili wakiwa wamekasirika. Mkopeshaji hudai hata biashara ikifa, ndiyo maana haambulii faida ikinona. Mwenye hisa hula na mwenye biashara na hulala naye njaa. Swali lililobaki lilikuwa kwamba mpaka ukifungwa, na muuzaji hakuufunga yeye, hasara iwe ya nani?

Kabla hawajalijibu, yule mvulana aliuliza jingine. "Mwalimu, kwa nini kanuni ililegezwa kwa mkopo huu?"

Nilitaka kusema ni kwa sababu biashara ilikuwa nzuri. Nikawaambia ukweli. Mama huyo na mimi tulirudi Rwanda mwaka 1994 katika lori moja, mimi nikiwa kijana wa kidato cha pili, na njia nzima alinigawia chakula chake. Nilikuwa nikilipa deni langu kwa fedha zao. Hakuna aliyecheka. Walipitisha azimio kwamba mlezi asiwe na sauti katika mikopo, nami nikaandika jina langu chini yake. Niseme wazi kwamba iliniuma, tena kwa wiki kadhaa.

Suluhisho lilipatikana Mei. Mama alihamia kwa ndugu yake Rubavu, akaanza kuvusha nyanya na kabichi kwenda Goma kwa Petite Barrière. Chama kiliamua deni la elfu arobaini ligeuzwe mtaji. Riba isihesabiwe tena. Kila mwezi chama kipate sehemu ya tano ya faida, kukikosekana faida kikose nacho, na mtaji urudi kidogokidogo. Binti alileta hesabu za mama yake kila mwisho wa mwezi, zikasomwa mbele ya wote.

Wale vijana wakaanza kufuatilia habari za Goma kama wanavyofuatilia mpira. Julai 2019 mgonjwa wa kwanza wa Ebola alithibitishwa mjini humo. Tarehe 1 Agosti upande wa Rwanda ulifunga mpaka kwa saa kadhaa, kisha ukafunguliwa siku hiyohiyo. Kabichi hungoja, ila nyanya zilizoiva hazingoji. Hesabu ya Agosti ilisomwa kwa sauti ya chini: faida, sifuri.

Kwa ziara ya Soko la Hisa, pale Kigali City Tower, niseme kwa kifupi tu. Vijana walitarajia kelele kama za sinema za Marekani. Walikuta ofisi tulivu, na kampuni nne tu za hapa nchini katika orodha. Njiani kurudi walizungumza habari za nyanya.

Elfu arobaini zote zilirudi kufikia Oktoba. Sehemu ya faida ilifika faranga 7,400. Kwa riba ya miezi mitano ingekuwa 10,000, na yule mwandishi hakukosa kulitaja hilo. Mikopo mingine midogo ilileta 4,760. Wanachama watano walikuwa wamejitoa na kurudishiwa michango yao. Kwa hiyo mgawo wa Novemba uliwapa waliobaki, 19, michango yao na faranga 640 kila mmoja. Wengi walizimaliza siku hiyohiyo kwa chai na chapati huko Kisimenti.

Mwaka 2020 walianza upya, na safari hii yule binti ndiye aliyechaguliwa kutunza sanduku. Katikati ya Machi shule zikafungwa kwa sababu ya korona. Sanduku likabaki chini ya kitanda chake, Remera. Ufunguo mmoja ulikuwa Nyagatare, wa pili Huye, na wa tatu hapa mjini. Nilipompigia simu kumuuliza kama wana shida nyumbani, alisema ipo. Nikamuuliza kama anafikiria kuvunja kufuli. "Hapana, Mwalimu, funguo haziko kwangu."

Waliporudi Novemba, mwenye ufunguo wa Huye alikuwa ameupoteza. Tulimwita fundi kutoka Giporoso akakata kufuli kwa msumeno, wote wakisimama wakitazama. Zilihesabiwa mara mbili. Zilikuwa faranga 31,500, kama daftari lilivyosema.